Bei ya Mwisho wa Kaskazi

Zamani, katika miji ya pwani yetu, mtu aliyetaka kununua tende, zulia au kasha kwa bei nafuu hakuanza kwa kuuliza dukani. Alishuka kwanza ufukweni, akanusa. Maana majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalipokaribia kurudi kwao yalipandishwa mchangani, maji yakipwa mabaharia wakakwangua gamba na mwani ulioshika ubavuni, kisha wakapaka chini deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa shahamu, na juu wakapaka sifa, ambayo ni mafuta ya papa; na harufu ya sifa, isiyositirika kwa udi wala kwa ubani, ilipoenea Funguni kwa upande wa Unguja, au Bandari ya Kale kwa upande wa Mombasa, kila mwenye nyumba aliyekuwa na akili zake alijua ya kwamba nahodha anahesabu siku, na ya kwamba bei aliyoikataa alipotia nanga ataipokea sasa, pengine kwa shukrani.

Neno msimu tumelipokea kwa Waarabu, ambao kwao mausim ni wakati maalumu wa jambo lirudilo kila mwaka, kama vile hija au mavuno. Mabaharia wakalitumia kwa siku ambazo upepo huruhusu safari, na mataifa ya Ulaya nayo yakalichukua hata likawa kwao jina la upepo wenyewe. Kaskazi huanza kuvuma yapata Novemba au Disemba, ikadumu hata Machi. Hufuata siku za pepo zisizotulia, ndizo tanga mbili. Kisha kusi hushika, ikazidi ukali Juni na Julai, wakati ambapo Bahari ya Arabuni haina msamaha kwa chombo cha tanga. Na ikisha kulegea, kuanzia Agosti, ndiyo demani. Siku za pepo hizo hazikuweza kuhesabiwa kwa miezi ya mwandamo, kwa kuwa mwezi mwandamo huzunguka ukauacha upepo nyuma. Zilihesabiwa kwa Nairuzi, mwaka wa jua uliogawanywa miongo ya siku kumi kumi, miongo thelathini na sita pamoja na siku chache za ziada. Ahmad ibn Majid wa Julfar, mwanachuoni wa bahari wa karne ya 15, alizipanga nyakati za kuondoka bandarini kwa hesabu hiyo hiyo ya Nairuzi, na wakulima wa pwani kadhalika walipanda na kuvuna kwa miongo. Basi bibi wa nyumba aliyeijua hesabu ya miongo, hata kama hakutoka nje ya mlango wake ila kwa harusi na maziko, alikuwa na ilimu moja na nahodha aliyezunguka nusu ya dunia, na katika kununua na kuuza hakuna silaha ipitayo hiyo.

Tende za Basra huvunwa mwisho wa joto la kule, na majahazi ya Ghuba yaliyopakia tende hizo yaliteremka polepole, yakigusa bandari moja baada ya moja, hata yakaingia Lamu, Mombasa na Unguja kaskazi ikiwa imekwisha kukomaa. Jahazi la kwanza liliingia kwa ngoma na nyimbo, bendera zikipepea, na mji ambao ulikuwa umekaa miezi mingi bila tende mpya ulilipokea kama arusi. Siku hizo bei ilikuwa ni ya muuzaji, na walionunua walikuwa ni wale wasioweza kungoja, aghalabu matajiri waliotaka kuwaonyesha wageni wao tende za mwaka huu, au wenye duka waliojua kwamba watauza rejareja kwa faida kabla ya jahazi la pili kutia nanga. Likaja la pili, na la kumi, na bandari ikajaa milingoti; pamoja na tende zikashushwa chumvi ya Aden, papa mkavu ambaye kitoweo chake hakimwachi mtu wa pwani hata akienda mbali, samli ya Usomalini, marashi ya Uajemi, halua ya Maskati, mazulia, mitungi, na makasha ya Bara Hindi yenye misumari ya shaba iliyopangwa kama nyota. Hapo bei ikaanza kulegea, lakini kulegea kwake kulikuwa bado ni kwa mazungumzo, kwa maana nahodha alikuwa na siku mkononi, na mwenye siku hatishiki.

Kilichoivunja bei ni kule kuelekea kwa kusi. Nahodha aliyekuwa na makanda ya tende chini ya sitaha yake alikuwa na mashaka matatu yaliyomshika kwa pamoja: hawezi kurudi na tende kule zilikotoka, maana hakuna apelekaye maji mtoni, hawezi kupakia boriti na mbata za kurudi nazo maadamu nafasi imeshikwa na mali isiyouzika, wala hana fedha za kuzinunulia boriti hizo mpaka tende zigeuke rupia, au shilingi, kwa kuwa Unguja iliiacha rupia yake mwaka 1936. Na akichelewa, akakutwa na kusi kali, itambidi akae miezi mizima hata demani, akiwalisha mabaharia wake wote wali na samaki bila ya safari, na tajiri aliyemkopesha kule kwao akingoja. Kwa sababu hizi mtu anaweza kusema ya kwamba bei ya mwisho wa kaskazi haikupangwa sokoni. Ilipangwa baharini, na upepo ndio uliokuwa dalali.

Tena nahodha hakuwa muuzaji peke yake. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, ambaye mwishoni mwa mwaka 1938 alipanda huko Aden bumu la Kikuwaiti liitwalo Bayan, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi, akafuatana nalo hata Unguja na midomo ya mto Rufiji, kisha akarejea nalo Kuwait mwaka 1939, ameeleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1940 jinsi kila baharia alivyokuwa na sanduku lake, na ndani yake bidhaa zake mwenyewe za kuuza bandarini. Hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walikuwa na fungu katika pato la chombo, na fungu hilo mara nyingi lilikwisha kuliwa na deni kabla halijapatikana, baharia akidaiwa na nahodha, na nahodha akidaiwa na tajiri. Sanduku lile basi ndilo lililokuwa tumaini la watoto wake. Mtu anayewaza habari za ununuzi wa bei nafuu aikumbuke picha hii, kwa sababu aliyepunguziwa alikuwa upande mmoja wa mlango, na aliyepunguza alikuwa upande wa pili, amesimama juani.

Mlango wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Alasiri, jua likisha kupoa, baharia alipita vichochoroni na zulia begani, akaliita jina lake kwa sauti ya wimbo, akakaa juu ya baraza asipofukuzwa. Bibi wa nyumba hakutoka, alimtuma mtoto. Zulia likaingizwa ukumbini, likageuzwa kinyume, maana uso wa zulia husema uwongo na mgongo wake husema kweli: pale nyuma mafundo huonekana kama yamebanana au yamelegea, na viraka vilivyofichwa kwa manyoya hujitoa bayana. Kitambaa cheupe kikalowanishwa mate kikasuguliwa juu ya nyekundu, kionekane kama kitatoka na rangi. Kisha pembe moja ikanuswa, kwa kuwa zulia lililolowa maji ya chumvi ndani ya jahazi hubaki na harufu ya ngama hata likianikwa mwezi. Baada ya uchunguzi huo mtoto alirudi nje, na mazungumzo aghalabu yalikwenda hivi.

“Bibi auliza, bei gani?”

Baharia akataja bei, akaapa kwamba hiyo ni ya ndugu kwa ndugu. Mtoto akaingia, akatoka.

“Bibi asema, hakuuliza bei ya zulia tu. Auliza, chombo chenu kimekwisha kupakwa deheni?”

Baharia, kama alikuwa mkweli au kama alijua kwamba nyumba hii ina watu wendao pwani kila alfajiri, alicheka, akashusha miguu yake, akasema: “Mwambie Bibi, tumepaka jana.” Hapo ndipo kahawa ilipoletwa, na kuja kwa kahawa kulikuwa na maana ya kuwa pande zote mbili zimekubali ya kwamba biashara itafanyika, imebaki kiasi, na kiasi hicho kilitafutwa taratibu, kila upande ukisogea hatua, kwa maana biashara haigombi.

Lakini harufu ya sifa iliwapoteza wengi vile vile. Mtu akisikia kwamba bei zimeanguka hukimbia, naye anayekimbia haangalii. Tende za mwisho wa msimu ni zile zilizokaa chini kabisa ya ngama, zikabanwa na uzito wa wenziwe, na kanda ambalo utomvu wake umekwisha kuchuruzika likakauka huwa na tende ngumu, pengine zimeingiwa na wadudu; aliyejua alibonyeza kanda kwa kidole gumba katika pembe zake nne, asiridhike na ile pembe aliyoonyeshwa. Papa wa mwisho wa msimu huweza kuwa amepata unyevu, akawa mwepesi kuoza mara mvua za masika zinapoanza. Na masika huanza wakati ule ule ambao bei yake hushuka. Mtungi ulipigwa kwa fundo la kidole, usikilizwe kama unalia au unakohoa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na neno hilo hakuna mahali lilipokuwa kweli zaidi kuliko kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe katika mwongo wa mwisho wa kaskazi, ambapo vibaya vyote vya msimu vilitembezwa kwa pamoja, vikichanganywa na vizuri vichache vilivyochelewa tu kumpata mtu wao. Ustadi ulikuwa katika kuvitambua hivyo vichache.

Haifai kudhani kwamba wenye mji ndio waliofaidi siku zote. Haraka ile iliyomfanya nahodha auze kwa rahisi ndiyo iliyomfanya anunue kwa ghali. Boriti za mikoko, ambazo bila ya hizo nyumba za Ghuba zisingekuwa na dari, zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na wenye kuzikata na kuziuza huko Lamu na Rufiji waliijua miongo kama mabibi wa Unguja walivyoijua. Jahazi lililofika likiwa na siku nyingi lilichagua boriti nene na zilizonyoka, na lililofika likikimbizwa na kusi lilipokea kilichobaki. Kwa hiyo mtu yule yule, kwa upepo ule ule, alipunjwa mara mbili, au alifaulu mara mbili akiwa amefika mapema.

Ndiyo maana katika historia ya bahari hii, tangu kale, penye bei ya haraka paliwekwa pia mpaka. Katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, imekatazwa kutoka kwenda kuwalaki wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, kwa sababu mgeni aliye njiani hajui bei ya mji, na anayemnunulia pale humnunulia ujinga wake. Ibn Battuta, aliyezuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliikuta Mogadishu ada ambayo kwa sura inafanana na kuwalaki misafara, lakini kwa maana ni kinyume chake: chombo kilipofika, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja katika waliomo, akasema huyu ni mgeni wangu, na mgeni huyo hakushuka ila nyumbani kwa mwenyeji wake, ambaye ndiye aliyemuuzia mali yake na kumnunulia. Tena aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumdhulumu, au aliyemuuzia mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilikataliwa. Hapa wapwani walikuwa wametambua jambo ambalo wengi wa wanunuzi wa leo hatulifikirii, kwamba bei inaweza kuwa rahisi mno, na kwamba rahisi ya namna hiyo yafaa kuvunjwa kama deni la riba.

Sababu yake si huruma peke yake. Mtu mmoja wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliyeandika habari za safari za bahari yetu bila kulitaja jina lake, alisema ya kwamba watu wa Muza katika Yemeni walipeleka pwani hii vyombo vyenye manahodha na mawakili wa Kiarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao, wakajua nchi na lugha yao. Ni dhahiri basi kwamba tangu zama hizo biashara ya msimu ilikuwa ni ya watu waonanao kila mwaka, wengine wakiwa wakwe, wengine wakiwa baba na wana. Bibi aliyeuliza habari za deheni alijua pia ya kwamba baharia yule, Mungu akipenda, atarudi mwakani. Akimnyonya mwaka huu hata akose cha kuwapelekea wanawe, mwakani atapita mlango wa jirani, au ataleta zulia la kumlipizia kisasi. Kwa hiyo nafuu iliyokuwa halali kwa desturi ilikuwa ni ile inayomwachia mwenzio nauli ya kurudia.

Mahali ambapo mpaka huu haukuwekwa pia patajwe, maana historia inayotaja mazulia ikanyamaza juu ya watu ni hesabu yenye ukurasa uliochanwa. Katika karne ya 19 msimu huo huo wa kaskazi ulikuwa msimu wa khofu katika Unguja. Pamoja na wafanyabiashara walikuja watu wa kuiba watoto, na wazazi walio huru na walio watumwa waliwafungia wana wao ndani mpaka majahazi yaondoke. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa Juni 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash, na mahali pake pa Mkunazini pakajengwa kanisa. Mtoto aliyeibwa ndiye aliyekuwa mali ya rahisi kupita zote, kwa kuwa hakununuliwa; wala hakuwa na mwenyeji wa kusema huyu ni mgeni wangu.

Mwisho wa msimu ulikuja bila ya ngoma. Mwaka ule ule wa 1938 ambao Villiers alipanda Bayan, mafuta yaligunduliwa Burgan, Kuwait, na mwaka 1946 shehena ya kwanza ikasafirishwa. Mabaharia waliokuwa wakigawana fungu lililokwisha kuliwa na deni wakapata kazi yenye mshahara, na sanduku la baharia likabaki nyumbani. Injini zikaja, na chombo chenye injini hakiiogopi kusi kwa kadiri ile, kwa hiyo hakilazimiki kuuza. Meli za chuma zikazidi kutia nanga Kilindini, Mombasa, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 bandari ya Unguja haikuyaona tena majahazi ya Arabuni kwa wingi wa awali. Mazulia yaliyobaki sakafuni yakachakaa, makasha yakawa mapambo ya hoteli, na miongo ikasahauliwa na wote isipokuwa wavuvi na wazee wachache.

Msimu haukufa, lakini; umegeuza tanga. Mwaka 1996 mji wa Dubai ulianzisha tamasha la ununuzi ambalo hufanyika wakati wa baridi ya Ghuba, yaani katika miezi ile ile ambayo mabaharia wa huko walikuwa wakishuka kwetu, na sasa ni watu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanaopanda kwao kwa ndege, wakashukia Deira kando ya hori ambalo majahazi bado hutia nanga, wakatafuta mapunguzo katika vitambaa, simu na vyombo vya nyumbani, kisha wakafunga mizigo yao kwa kamba na utepe, wakipima uzito kwa khofu ya kile watakachotozwa uwanjani. Wengi wao ni wanawake wenye biashara ndogo ndogo, na ustadi wao si haba: wanageuza nguo kinyume kuangalia mshono kama bibi zao walivyogeuza zulia, wanajua duka gani hupandisha bei wiki moja kabla ili lipate cha kupunguza, na wanajua siku ambayo mwenye duka hutaka rafu zake ziwe tupu.

Tofauti iko katika kile wasichoweza kukinusa. Bei ya mwisho wa kaskazi ilikuwa na sababu iliyoonekana na kila mtu ufukweni, na mtoto mdogo aliweza kutumwa kuiuliza mlangoni. Punguzo la leo limeandikwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi, na aliyeliandika hakai kwenye baraza letu, wala hatujui kama chombo chake kimepakwa deheni au hakikupakwa, wala kama yuko mshona nguo mahali fulani aliyeachiwa nauli au hakuachiwa. Bibi wa Mji Mkongwe angelishika lile vazi, angeligeuza, angelinusa pembe. Halafu, kabla ya kutaja bei yake, angemtuma mtoto aulize.